Kitoweo Tulichompa Bi Mishi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza jambo moja: ni kweli Mutua nusura amuue mtu Kinondo? Baadhi yenu mnacheka mnapouliza. Wengine hamcheki. Nimechoka kulieleza vipande vipande, kipande barazani, kipande dukani, na kila kipande kikimfikia mtu wa tatu huwa kimeshaota mkia. Kwa hiyo nimeliandika lote, kituo kwa kituo, ili anayetaka kujua asome.

Tulikuwa watatu, tuliosoma pamoja sekondari. Hamisi ni mvuvi wa Tiwi, na boti ilikuwa yake, ya faiba, ndogo, yenye mashine kuukuu. Mutua ni mtu wa Shimba Hills, ambako babake, mtu wa bara, alipata shamba. Sasa anauza misumari na mabati karibu na Kona ya Musa. Wa tatu ni mimi, Sudi. Nilizaliwa Tiwi, lakini tangu nimalize kidato cha nne sijakaa mahali pamoja miaka mitatu mfululizo. Nimepika katika kambi za barabara Kitale, nimelinda ghala Nakuru, nimeuza viatu Voi. Kote huko nilikuwa nikisimulia hadithi ile ile: jinsi sisi watatu tulivyovua kutoka Tiwi hadi Msambweni wiki ile tuliyomaliza mitihani, tukila tulichokivua. Niliporudi safari hii nikawashika wenzangu mashati: twendeni tena, kabla magoti hayajakataa. Hamisi alisema sawa baada ya siku mbili. Mutua alisema sawa papo hapo, ingawa hajui kuogelea mpaka leo.

Tiwi hadi Kongo

Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya chambo. Aliyeahidi kutuletea ngisi alileta maneno, ikabidi tungoje dagaa mpaka jua likapanda. Nilikuwa nikizunguka boti kama kuku anayetaka kutaga. Mtu akingoja jambo miaka ishirini na kitu, saa mbili za ziada humtia homa.

Tulipotoka nje ya mwamba na kutupa mishipi, Mutua ndiye aliyebahatika kwanza. Kolekole mzima, mwenye nguvu, alivuta mshipi ukaimba. Mutua akasimama, akapiga kelele hadi boti ikayumba, akatuita mmoja mmoja kwa jina tuje tuone. Samaki akakata mshipi, akaenda zake.

Hamisi hakupandisha sauti. Wavuvi wa kwao wana adabu yao: samaki akipanda hatajwi wala hasifiwi. Mtu humtoa ndoana kimya kimya na kumtia kapuni. Akamwambia, "Mutua, hapa si mnadani. Ukishika, nyamaza. Mtie kapuni, tupa mshipi tena. Sitaki kusikia jina la samaki mpaka tufike nchi kavu."

"Sawa, boss," Mutua akasema. "Mdomo nimeupiga kufuli."

Alikuwa anatania, lakini Mutua akiahidi jambo hulishika.

Mimi nami sikusalimika. Nilipandisha samaki aitwaye chaa, nikamwita changu, ambaye ni samaki mwingine kabisa, kwa sauti ya mtu anayejua. Hamisi alinitazama kwa huruma. "Sudi, bara imekuosha kabisa. Hata chaa humjui?" Walicheka mpaka wakafuta macho. Nami nilicheka, lakini lilinichoma. Katika kambi zote nilizokaa mimi ndiye niliyekuwa mtu wa pwani, wa kuulizwa habari za samaki. Nikajiapiza kwamba safari hii hawatanisikia tena nikikosea jina la samaki, wala nikiuliza.

Tulilala Kongo, kijiji cha ufuoni kusini ya Tiwi, kwa shemeji yake Hamisi, ambaye alitupikia wali na mbaazi za nazi. Nilipitisha usiku nikisikiliza maji yakijaa, kama mtu anayengoja kuitwa.

Kongo hadi Kinondo

Siku ya pili ilikuwa Alhamisi. Bahari ilikuwa imebadilika. Mawimbi mafupi, ya ubavuni, yale yanayomshika mtu tumbo. Kabla ya saa mbili nilikuwa nimelala kwenye mbao za chini, kikoi usoni, nikiomba nisitapike mbele yao. Nikatapika.

Hapo ndipo mashine ilipozima. Iligugumia mara mbili ikanyamaza, na ukimya ule ukanitoa kichefuchefu kwa muda, maana nilisikia mwamba. Mtu aliyewahi kusikia mawimbi yakipasuka juu ya mwamba kwa karibu hahitaji kuelezwa. Hamisi akatupa nanga, ikakokota, ikashika, ikakokota tena. Akainamia mashine, mgongo kwetu, akafungua mpira wa mafuta na kuupuliza kwa mdomo. Akamwambia Mutua aendelee kuvua ili asimsumbue kwa maswali.

Mutua akavua. Mimi nilikuwa chini ya kikoi, nikihesabu mapigo ya mwamba. Mara moja nilimsikia Mutua akicheka peke yake, polepole, kama mtu aliyeona kitu cha kuchekesha akakumbuka kwamba amekatazwa kusema. Kisha nikasikia kisu kikifanya kazi. Sikuinua kikoi.

Mashine ikawaka, lakini kwa kukohoa. Hamisi akasema tusijaribu bahati, tuingie Kinondo tutafute mpira mwingine. Tulipofika maji yalikuwa yameanza kurudi nyuma, na boti ilitakiwa kuvutwa juu ya mchanga. Watu walikuja bila kuitwa, kama wafanyavyo pale: huyu anashika ubavu, yule kamba, mwingine anahimiza tu. Na kila aliyeweka mkono kwenye chombo hupewa kitoweo. Hapimiwi, wala samaki hachaguliwi mbele ya macho yake. Unatia mkono kapuni, kinachotoka ndicho riziki yake.

Hamisi aliondoka kwenda kutafuta mpira, Mutua akabaki kufunga kamba, kazi ya kugawa ikawa yangu. Wa mwisho alikuwa mama wa makamo, mwembamba, macho yake yakiwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Alikuwa ameweka viganja viwili kwenye ubavu wa boti wakati imeshasimama.

"Na mimi nimevuta," alisema, na wanaume wakacheka. Mmoja akamwambia, "Bi Mishi, umevuta kwa macho." Naye akajibu kwamba macho yenyewe hayavuti vizuri siku hizi, ndiyo maana ameongeza mikono.

Nikatia mkono kapuni. Nikatoa changu wawili. Wa tatu aliyetoka alikuwa amechunwa ngozi, hana kichwa, nyama nyeupe, nene, imejaa kama paja la kuku. Nilimwona. Nilijiuliza, huyu ni samaki gani, na nani amemchuna? Mutua alikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Ningeweza kumwita. Lakini wanaume wa Kinondo walikuwa wamesimama wananitazama, na chaa wa jana alikuwa bado amenikwama kooni. Nikamtia katika kikapu chake pamoja na wale changu.

"Nimefunga leo," aliniambia. "Mmeniletea futari. Mungu awafikishe salama."

Nikasema amina.

Kinondo hadi Msambweni

Kutoka hapo hadi Msambweni ndiyo sehemu niliyokuwa nikiiota miaka yote. Mashine iliimba, bahari ikalainika, tumbo likanirudia. Tulivua kwenye maji ya rangi ya chupa. Hamisi aliimba wimbo wa shule, Mutua akaukosea pale pale alipokuwa akiukosea zamani. Tulipumzika Gazi, tukakaanga tafi wawili tukawala kwa ndimu na chapati baridi za shemeji. Nilikuwa na furaha, na furaha yenyewe ilikuwa ikinitia wasiwasi kama kikombe kilichojaa pomoni.

Tulifika Msambweni alasiri, tukatia nanga. Saa kumi na nusu tulikuwa ufuoni tukichochea moto wa chai. Mutua akafungua mfuko wake, akatoa kitu alichokivingirisha kwa gazeti, akaanza kukijaza mchanga mkavu kwa kijiko. Kilikuwa ngozi ya samaki, yenye vidoa, ngumu, pamoja na kichwa na meno manne kama ya sungura. Kilipojaa kikawa mviringo kama mpira.

"Nampelekea binti yangu," alisema. "Ataining'iniza dirishani."

Hamisi aliweka kikombe chini. "Huyo umemtoa wapi?"

"Si nilimshika asubuhi, mashine ilipozima. Alifura mkononi hivi, nikacheka sana."

"Na nyama yake?"

"Nyama nilisafisha. Maini na matumbo nikatupa, nyama nikatia kapuni." Akatutazama. "Uliniambia nikishika ninyamaze."

Hamisi akaisogeza ngozi ile mbali na vikombe. "Mutua, huyo ni bunju. Haliwi. Ana sumu. Mtu akila huanza kufa ganzi midomo, halafu vidole, halafu pumzi."

Tulipindua kapu. Tulihesabu kila samaki, tukamgeuza kila mmoja. Wote walikuwa na ngozi zao. Hamisi akanigeukia. "Wewe ndiye uliyegawa. Ulimpa nani?"

"Yule mama wa mwisho. Bi Mishi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Hakuniuliza nilikuwaje na hakika, katika samaki wote wale. Mutua hakuuliza pia. Alikuwa ameshasimama. "Si alisema amefunga?" Nikasema ndiyo. "Wanafungua saa ngapi?"

"Magharibi. Kumi na mbili na nusu, kama hivyo."

Hamisi alipiga simu kwa mvuvi mmoja wa Kinondo, imezimwa. Akapiga kwa mwingine, yuko Mombasa. Boti isingeweza kurudi na maji yale. Ikaamuliwa Hamisi abaki na chombo aendelee kupiga simu, Mutua nami twende kwa barabara. Kabla hatujaondoka Hamisi, kwa hofu, alimwambia Mutua neno ambalo najua amelijutia: kwamba watu wa bara wanapaswa kula kuku na kuiacha bahari kwa wenyewe. Mutua akafunga mfuko wake. Nilikuwa nimesimama kati yao. Nami sikusema kitu.

Msambweni hadi Kinondo, kwa pikipiki

Tulimpata mwenye pikipiki mmoja tu aliyekubali kwenda mbali kiasi kile. Tulipofika barabara kuu akapunguza mwendo, akaingia uani mwa msikiti. Alasiri ilikuwa karibu imtoke, akasema, tumpe dakika tano. Mutua alinishika mkono kwa nguvu. Hakumharakisha, amekaa na Waislamu maisha yake yote. Lakini nilihisi kucha zake.

Tulisimama kando ya pikipiki. Mutua aligusa mdomo wake wa juu, kisha wa chini. "Kisu kilikuwa kimoja," alisema. "Nilichochunia ndicho mlichokatia tafi." Nami nikauma mdomo wangu. Nilihisi maumivu, nikashukuru. Baada ya muda nikauma tena, kwa sababu sikuwa na hakika ya mara ya kwanza. Tulikwenda hivyo njia nzima, watu wazima wawili nyuma ya pikipiki, wakijiuma midomo.

Nilitaka kumwambia. Kila tulipopita kijiji nilijiambia, nitamwambia kijiji kijacho. Upepo ulikuwa unapiga masikio, nikajisingizia kwamba hatanisikia.

Kinondo, ufuo ulikuwa mtupu. Muuza viazi karai alituelekeza kwa Bi Mishi, nyumba ya bati jekundu. Tukakimbia. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, na mama mnene aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akapokea shikamoo zetu bila haraka. Akauliza habari za huko tutokako. Akauliza za watoto. Kwetu mtu haingii kwa watu akaanza na shida yake kabla salamu hazijaisha, nami nikawa najibu, njema, njema, alhamdulillahi, huku nikiona kivuli cha mnazi kikirefuka ukutani.

Mutua alishindwa kuvumilia. "Mama, leo umepewa samaki?"

"Nipewe samaki na nani?" alisema. "Mwenye kunipa samaki tumeachana mwaka wa nne huu."

"Si wewe Bi Mishi?"

"Mimi ndiye. Na hapa Kinondo tuko Bi Mishi watano, mwanangu. Unamtaka yupi?"

Nikamweleza macho yenye ukungu. Akacheka, akasema huyo ni Bi Mishi msuka makuti, kule nyuma ya madrasa, mbona hatukusema. Alitaka tungoje tunywe maji ya ukwaju kwanza. Tuliondoka tukimwacha na gilasi mkononi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya katika maisha yangu, na adhana ya magharibi ikatukuta njiani.

Nyumbani kwa Bi Mishi

Ua ulikuwa umejaa makuti yaliyosukwa, yamepangwa kama vitabu. Kokwa mbili za tende zilikuwa kwenye kisahani karibu na kikombe cha maji kilichokwisha. Alikuwa ameshafungua. Lakini alikuwa hajala: alikuwa kwenye msala, barazani, anaswali. Na chini ya kibanda cha jiko, juu ya makaa, sufuria ilikuwa imefunikwa, harufu ya nazi na pilipili imejaa ua mzima.

Mimi nilisimama. Mtu akiwa katika sala hasemeshwi, na jikoni kwa mwanamke usiyemjua huingii. Mambo hayo mawili yalinifunga miguu. Mutua hakufungwa. Aliingia kibandani, akaitoa sufuria motoni kwa pindo la shati lake, akaketi chini nayo, akaikumbatia baina ya magoti.

Bi Mishi alitoa salamu ya kulia, akatoa ya kushoto, akageuka. Alikaza macho kwenye kivuli cha Mutua kule kibandani.

"Mwanangu," alisema, "njaa ndiyo imekufikisha hapo?"

"Mama, umekula?" Sauti ya Mutua ilikuwa ya kilio. "Umekula chochote humu?"

"Kwanza wewe nani?"

"Ni mimi nilikuletea sumu, mama. Ni mimi nilichuna. Sikujua."

Hapo ndipo nilipoona kwamba atalibeba lote, na kwamba ataondoka nalo, na litakaa naye. Nikaenda mbele ya baraza nikapiga magoti ili anione karibu.

"Bi Mishi, ni mimi niliyekupa. Huyu hakujua ni samaki gani, mimi nilijua kwamba simjui. Nilimwona mkononi mwangu hana ngozi, nikaona haya kuuliza mbele za watu. Nikakutilia."

Nilisikia mchuzi ukichemka bado ndani ya sufuria, magotini kwa Mutua.

"Nilikushukuru," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Nikakuombea dua, ukaitikia."

"Ndiyo, Bi Mishi."

Akakunja msala. Akasema kwamba hajala, ila wakati wa kupika alionja chumvi kwa ncha ya ulimi, akatema, kama afanyavyo mwenye saumu. Mutua akauliza kama ulimi una ganzi. Akajibu kwamba unawaka. Tukashikwa na baridi sote wawili, mpaka alipoongeza kwamba ametia pilipili mbuzi tatu, na ulimi usipowaka kwa hizo basi ni wa maiti.

Akanielekeza kwa jirani, ambaye ni muuguzi wa zahanati, nikamwita. Alikuja na kitambaa cha nywele bado mkononi, akamshika mapigo, akamtazama macho, akamwambia akunje na kukunjua vidole. Alisema dalili huanza mapema, tukae naye tumtazame, na pikipiki iliyotungoja barabarani isiondoke. Ganzi ikishuka tu vidoleni, ni hospitali moja kwa moja. Tukakaa. Bi Mishi alikula mihogo ya jirani, akalalamika kwamba haina chumvi. Mutua alimuuliza habari za midomo yake kila baada ya dakika chache, mpaka akamwambia, "Ukiniuliza tena nitakuuma nikuonyeshe kama ina ganzi." Muuguzi akacheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa nikitazama vidole vyake vikisuka kuti, maana alikataa kukaa bure, nikingoja kimoja kikose njia.

Hakikukosa. Adhana ya isha ilipotoka muuguzi alimshika mapigo tena, akasema haoni kitu, lakini atalala naye. Tulichimba shimo nyuma ya nyumba tukamwaga mchuzi wote, na sufuria tukaifukia pamoja nao, kwa amri ya mwenyewe. Tulipoaga alimpa Mutua mkono, akauacha mkono wake mkononi mwa Mutua kwa muda. Mimi alinijibu salamu tu. Ilikuwa haki yake.

Njiani kurudi barabarani, Mutua alitembea mbele. Shati lake lilikuwa limeungua pindo, na viganja vimetoka malengelenge. Nilipomfikia aliniuliza bila kugeuka, "Kule Msambweni, Hamisi aliponiambia vile, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kwenye pikipiki, njia yote ile?"

"Njia yote."

Akaendelea kutangulia hadi tulipofika kwa Hamisi, na hapo hakumwambia niliyoyakiri. Alimwambia tu kwamba mama ni mzima. Ndiyo maana hadithi mliyoisikia ni ile ya Hamisi, ya mtu wa bara na bunju, na ndiyo maana mnacheka mkipita dukani kwake. Mutua anawapimia misumari, ananyamaza. Basi sasa mmesoma. Mkipita pale, msimwulize yeye. Niulizeni mimi.